Nani Awaongoze Wageni wa Korongo la Pimbi?

Sogeeni mnisaidie kuamua, maana kisa hiki kimenikosesha usingizi.

Katika milima ya Upare kulikuwa na mwongozaji wa watalii, Bi Namkunda, mama mkali mwenye sheria tatu: korongoni hupazi sauti, hutoki mstarini, humpingi kiongozi. Magoti yalikuwa yamemchosha. Siku ile alitoka kwa mara ya mwisho na mgeni mmoja pamoja na wanafunzi wake watatu, na jioni angemchagua mrithi wake kati ya hao watatu. Nakijwa alijaliwa masikio: humsikia mbega akichuma jani. Mbonea alijaliwa macho. Nyayo zilizofutika yeye huziona. Sempoli naye ni mikono tu, hupanda jabali kama anapanda ngazi ya kwao.

Asubuhi ilikuwa njema. Mbega waliruka mitini, mgeni akapiga picha mpaka akasahau chai. Kisha wakaingia korongoni, kuta zimebanana, juu mbingu ya buluu. Bi Namkunda akaitazama, akaridhika. Hapo alikosea, kwani kileleni mvua ilikuwa ikimwagika.

Nakijwa akasikia ngurumo kwa mbali. Alimtazama mwalimu wake, akaogopa, halafu akapiga ukelele: "Mama, maji yanakuja!" Pimbi wote waliokuwa mwambani wakatimua mbio.

"Funga mdomo!" Bi Namkunda akafoka. Lakini sasa naye aliyasikia, mwili ukamfa ganzi.

Mbonea hakungoja amri. Alichomoka mstarini, akawaacha nyuma, macho ukutani. Bi Namkunda alidhani kijana anajiokoa, na ilimuuma. Kumbe ameona michirizi myeupe ya mkojo wa pimbi, pale wanapopandia kila siku.

"Huku! Kuna njia!"

Sempoli akapanda, akamvuta mgeni, kisha wenzake. Bi Namkunda alikuwa bado chini maji ya matope yalipofika, yakamzoa miguu. Akaning'inia kwenye mkono wa Sempoli.

"Niachie! Tutakufa sote!" aliamuru.

"Siachii, mama."

Bega la Sempoli likateguka. Hakuachia, mpaka Mbonea na Nakijwa walipomsaidia kumpandisha.

Jioni walikaa kambini. Wanafunzi walimtazama mwalimu wao, wakingoja ataje jina. Bi Namkunda aliwapenda wote watatu, na aliona aibu. Masikio ya Nakijwa yangefaa nini bila njia? Njia ya Mbonea ingemfaa nini bila mkono? Na mkono ungemuokoa nani, kama wasingeonywa? Kila mmoja alikuwa amevunja sheria moja, na kama yeyote kati yao angetii, Bi Namkunda asingekuwa pale kuchagua.

Kesho asubuhi wageni wengine wanaingia korongoni, na wa kuwaongoza mbele ni mmoja tu.

Je, wewe ungemkabidhi nani? Na zile sheria tatu, ungemwachia ipi?