Wauguzi Watatu wa Mguu Mmoja

Hapo zamani, zamani ambayo ninyi mnaisikia tu lakini mimi nimeila chumvi yake, palikuwa na kituo cha afya huko juu kwenye mashamba ya chai, upande wa Rungwe. Nilikuwa nimelazwa pale, nimevunjika mguu. Atakayekuambia nilianguka na baiskeli ya ndizi ana wivu. Nilikuwa napambana na fahali. Kwa hiyo haya sikusimuliwa. Niliyaona mwenyewe, kitanda cha pili kutoka mlangoni.

Wauguzi walikuwa watatu: Subilaga, Lugano na Tumpe. Likaja neno kutoka wilayani kwamba kuna nafasi moja tu ya kwenda chuoni kusomea uuguzi wa juu. Wote watatu waliililia nafasi hiyo kama mtoto anavyolilia ziwa. Mkubwa wao, Mama Sekela, mwenye sauti ya kengele, akawasimamisha mbele yetu wagonjwa.

"Haya. Kila mmoja aniambie, uuguzi ni nini?"

Subilaga akasema, "Uuguzi ni mikono. Mgonjwa akishafika mbele yangu hana ukoo wala cheo. Nikisoma, hakuna mama wa kijijini kwetu atakayefia njiani akienda kujifungua."

Lugano akasema, "Uuguzi ni heshima. Ukimponya mtu ukamwachia aibu, umemponya nusu. Nikisoma, nitasimamia wodi ambayo mzee havuliwi nguo mbele za watu."

Tumpe akasema, "Uuguzi ni kweli. Mwili ni wa mgonjwa, aambiwe kila kitu. Nikisoma, nitafundisha wengine wasimfiche mtu ugonjwa wake."

Tukawapigia makofi wote. Mama Sekela akaguna. "Maneno kila mtu anayo. Nitaangalia kazi."

Kazi haikukawia. Mchana mmoja akaletwa Mzee Anyosisye juu ya machela ya miti. Panga lilimponyoka akifyeka migomba, paja likafunguka, damu inaruka. Daktari alikuwa safarini, na wa kushona jeraha kubwa namna ile alikuwa Subilaga peke yake.

Sasa tegeni masikio. Mzee huyo alikuwa baba mkwe wake Subilaga! Na kwetu siku zile, mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawatajani hata jina. Akimwona anakuja, mkamwana anaingia migombani mpaka apite. Leo amshike paja?

Mzee alikuwa amezimia. Subilaga akasema, "Mbele yangu hana ukoo," akapiga magoti, akabana, akashona.

Mzee akazinduka. "Nani amenishika?"

Subilaga alikwisha kujificha nyuma ya pazia. Lugano akaruka, "Ni mimi, baba."

"Ndaga, mwanangu." Akashukuru, akanywa uji, akameza dawa, akalala. Angejua mapema, wallahi angetoka na mguu wake ule akafie nyumbani.

Lakini mzee akaweka sharti: "Mguu huu asiuguse mtu ila Lugano." Basi Lugano akaosha, akafunga, akabembeleza. Kidonda kikavimba kwa ndani, kikaanza kunuka. Hata mimi nikakosa hamu ya chakula, na mimi kukosa hamu ya chakula si jambo dogo.

Subilaga akanong'ona mlangoni, "Nyuzi zifunguliwe, usaha utoke, nishone upya."

"Ukiingia utamuua kwa aibu," Lugano akamjibu.

"Nisipoingia atakufa kwa usaha!"

"Basi tumfunge macho, tumwambie ni mimi. Tumpe, usithubutu kufungua kinywa. Tumpe!"

Tumpe alikwisha kufika kitandani. "Baba, aliyekushona si Lugano. Ni mkamwana wako. Na asipokushika tena, mguu huu utakuzika. Uamuzi ni wako."

Loo! Bakuli la uji likaruka mpaka ukutani. "Mmenivua mbele ya mke wa mwanangu! Na wewe Lugano, nikakuita mwanangu!" Lugano akalia. Mzee akageukia ukuta. Baadaye sana akasema kwa sauti ndogo, "Aje. Ila nifunikeni uso."

Lugano akavua kanga yake, akamfunika, akamshika mkono. Subilaga akaingia kimya, akafungua, akasafisha, akashona. Tumpe akawa anamweleza mzee kila hatua.

"Sasa itauma, baba."

"Inauma!"

"Si nimekwambia?"

Mguu ukapona. Na siku mzee aliporuhusiwa kwenda nyumbani, gari la wilaya likaja kumchukua yule mmoja wa kwenda chuoni. Mama Sekela akamwuliza, "Mzee, nani hasa amekuuguza?"

Mzee akajikuna kichwa. "Mmoja siwezi kumtaja. Mmoja alinidanganya, na uongo wake ndio ulionipa usingizi. Mmoja aliniambia kweli, na mpaka leo natamani asingeniambia. Mama, niache niende zangu."

Ndipo wauguzi wakavaana.

"Bila mimi mngekuwa mnapika chakula cha matanga," akasema Subilaga. "Na mume wangu mpaka leo hagusi chakula changu kwa sababu ya paja lile."

"Bila mimi angetoroka siku ile ile," akasema Lugano. "Mngemshonea wapi? Barabarani?"

"Uongo wako ndio uliokiozesha kidonda!" akasema Tumpe. "Bila mimi angekufa huku anakushukuru."

"Na kweli yako ingempasua moyo! Kama si kanga yangu angekubali?"

Mama Sekela akanigeukia mimi. "Wewe unayejua kila kitu, hebu sema."

Mimi, niliyeishia darasa la sita lakini nimeamua kesi za mipaka zilizowashinda watendaji wawili wa kijiji, nikasema, "Subilaga!" Nikakumbuka mzee hakuulizwa alipovuliwa, nikasema, "Hapana, Tumpe!" Nikakumbuka ule mkono chini ya kanga, nikasema, "Ngojeni, Lugano!" Kichwa kikaniuma kuliko mguu.

Dereva akapiga honi. Masanduku matatu yamepangwa barazani, kila mmoja ameshika la kwake, hakuna anayemtazama mwenzake. Kiti garini ni kimoja.

Haya, mimi nimeshindwa, na mimi huwa sishindwi. Je, nani alistahili? Wewe ungelipakia sanduku la nani?