Ngiri na Kicheko cha Kumbikumbi

Paukwa?
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Kichuguu!
Na juu yake?
Mkubwa!
Basi msisukumane, kaeni vizuri.

Palikuwa na kikundi cha wavuna kumbikumbi. Mvua ikikatika, Nguchiro alipigapiga ardhi kwa miguu, ti-ti-ti, ti-ti-ti. Kumbikumbi walidhani mvua inaanza tena, wakatoka. Kanga akawakusanya kwa kucha, paru, paru. Kikapu kikijaa walikaa, wakala pamoja, na kilichobaki wakawapelekea watoto.

Ndipo akaja Ngiri. Alikuwa na shingo nene na meno yaliyochomoza pande zote mbili, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza nani kamchagua. Alipanda juu ya kichuguu, akatangaza mabadiliko. Kazi ile imepitwa na wakati, akasema. Kuanzia leo Kanga atapiga ardhi, Nguchiro atakusanya, na mwalimu wao ni yeye Ngiri. Kisha akaweka sheria.

"Mwanagenzi hupiga magoti mbele ya mwalimu wake. Na hula mwisho."

Wakapiga magoti. Ngiri akala, chwa, chwa, chwa. Ilipofika zamu yao, kikapuni mlikuwa na mabawa matupu.

Nguchiro hakuwa mvivu wa kujifunza. Alikusanya, akazoea, akamwambia mkubwa kwamba amefuzu. Ngiri akabadilisha: sasa wafanye kazi kinyumenyume. Wakajifunza kinyumenyume, wakafuzu. Akabadilisha tena: sasa jicho moja liwe limefumbwa. Kila walipofuzu, alibadilisha. Kila alipobadilisha, walikuwa wanagenzi upya. Magoti chini, chwa, chwa, chwa, mabawa matupu.

Msimu wa kumbikumbi ni mfupi, nao ulikuwa unakwisha. Watoto wa Nguchiro walianza kulala njaa, na hilo lilimuuma kuliko magoti.

"Shoga," akamwambia Kanga, "huyu tukimpinga atatutoboa kwa meno. Tumpe mabadiliko."

Asubuhi akaenda kwa Ngiri kwa adabu zote, akalalamika kwamba njia zao zimeshachakaa. Ng'ambo ya bonde wana njia mpya kabisa, akasema, na kumbikumbi wa huko ni wanono hata mabawa hayawabebi. Ngiri akameza mate.

"Nani anaijua hiyo njia?"

"Mimi, mkubwa. Lakini siwezi kukufundisha wewe. Kuna ile sheria."

"Sheria ni ya wote," akasema Ngiri, kwa sauti ya kusikika kichuguu kizima. "Nani kasema mimi sijui kujifunza?"

"Basi piga magoti, mkubwa."

Akapiga. Nguchiro akamwelekeza aweke pua chini, atulie, asikilize mpaka asikie kumbikumbi wakicheka. Akiwasikia, amefuzu.

Ngiri akasikiliza. Nyuma yake akasikia ti-ti-ti, paru, paru. Wenzake wamerudia kazi yao ileile ya mwanzo. Akataka kuinuka.

"Nimewasikia," akasema.

"Wanachekaje?"

"Kwi, kwi, kwi."

Nguchiro akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hao ni mchwa, mkubwa. Rudia."

Angeweza kuwatawanya, nguvu alikuwa nazo. Lakini mwenye mabadiliko atasemaje kwamba mabadiliko yamemshinda? Aliona haya, akarudisha pua chini. Kesho yake akaleta kha, kha, kha. Akaambiwa hao ni siafu. Kesho kutwa akaleta hi, hi, hi. Akaambiwa huo ni upepo. Ti-ti-ti, paru, paru, kikapu kikajaa, walimu wakala kwanza, watoto wa Nguchiro wakanenepa. Ngiri akaachiwa mabawa.

Mpaka leo, mkimwona Ngiri anakula, mtazameni miguu ya mbele. Amepiga magoti, pua chini, na magoti yameota sugu. Bado hajafuzu.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aiache palepale kichuguuni. Na funzo lake, maana nisipotoa funzo wazazi wenu watanilaumu, ni hili: mkubwa wenu akileta mambo mapya, msimpinge hata kidogo. Na mkimkuta magotini anajifunza, msimwinue.