Homa ya Bwawa la Kinyasini

Siku ya Jumanne, tarehe 2 Septemba, hapo zamani za kale ambapo miaka ilikuwa bado haijaanza kupewa namba, Bwana Msafiri Mabawamanne Kereng'ende aliamka juu ya unyasi wake kando ya bwawa la Kinyasini, akiwa baridi kama jiwe la mtoni.

Jambo hilo halikuwa geni kwake. Mdudu hana moto mwilini kama tulio nao mimi nanyi, watoto. Joto lake hulipata kwa hali ya hewa, na hali ya hewa ikimpunja, hana budi kutumia akili. Basi Kereng'ende alifanya kama afanyavyo kila alfajiri ya baridi: aliyatikisa mabawa yake pasipo kuruka, tetetete, tetetete, ili misuli ya kifua ipate moto wa kumnyanyua.

Bwawani mle walikuwamo wageni wawili wasioalikwa. Kiboko na Nyati walikuwa wamehamia mwezi wa Agosti kutoka mto ulioko nyuma ya kilima, kwa madai kwamba maji ya mtoni hupiga kelele na kuwaharibia usingizi. Kila Kiboko alipojigeuza, maji yalimwagika nje. Kila Nyati alipogaagaa, yaliyobaki yaligeuka uji. Na chini ya uji huo waliishi watoto arobaini na watatu wa Kereng'ende, ambao hawajaota mabawa na hawawezi kuishi nje ya maji. Bwawa likikauka kabla ya mvua za Novemba, hakuna hata mmoja atakayepona. Bi Kereng'ende alikwisha kwenda mara mbili kuwaomba wageni kwa adabu, na mara zote mbili alirudi na matope usoni.

"Unatetemeka nini, bwana mdogo?" Kiboko aliuliza asubuhi ile. "Au ni hofu ya kuniona mimi?"

Kereng'ende alitaka kumweleza habari za misuli. Kisha akamtazama vizuri, akaona kwamba midomo ya Kiboko nayo inatetemeka, kwa kuwa alfajiri ile baridi haikumchagua mtu.

"Shikamoo, Bwana Kiboko," akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Si hofu. Ni homa ya bwawa. Ninayo tangu Jumapili. Naomba usinikaribie."

Kiboko alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Akataka kujua dalili. Kereng'ende alijivuta kwanza, kama afanyavyo mtu aliyepewa habari mbaya azipeleke kwa wenyewe, kisha akazitaja moja baada ya nyingine. Alfajiri mgonjwa huona baridi. Saa sita huona joto. Jua likitua hupata nafuu, na akilala hajui lolote mpaka kuche.

Kiboko alilitazama tumbo lake. Kisha akauliza, polepole, iwapo mgonjwa huyo huona pia njaa kabla ya kula.

Kereng'ende akashusha pumzi. "Kumbe umekwisha kufika huko," akasema.

Nyati hakuwa mwepesi wa kuamini. Alitangaza kwamba atakaa ukingoni kutwa nzima kumchunguza huyo mgonjwa, na kwamba akigundua uongo atamkanyaga yeye na unyasi wake. Basi akakaa. Ilipotimu saa sita jua likasimama utosini, unyasi ukawa wa moto kama kikaango. Kereng'ende hakukimbilia kivulini. Aliinamisha kichwa, akaunyanyua mkia wake mwembamba ukaelekea juani, wima kama msumari.

"Na hiyo ya kumwonyesha jua makalio ni nini?" Nyati akauliza.

"Ni dawa, Bwana."

Hapo alisema nusu ya kweli. Kereng'ende akikaa hivyo, jua humgusa ncha ya mkia tu, na kivuli chake huwa kidogo kama punje ya mtama. Joto halina mahali pa kumshika. Lakini hakusema hayo. Alimwuliza Nyati yeye mwenyewe anajisikiaje, na Nyati, aliyekaa juani tangu asubuhi katika ngozi nyeusi, alikiri kwamba anaungua. Akaondoka pasipo kumkanyaga mtu.

Siku ya Jumatano mambo yalitaka kuharibika. Mawingu yalitanda tangu asubuhi, saa sita ikapita bila joto. Nyati alifika akirukaruka, akasema kwamba amepona, na kwamba sasa mguu wake uko tayari kwa kazi aliyoiahidi.

Bi Kereng'ende alijificha nyuma ya jani. Kereng'ende mwenyewe hakuweza hata kuruka, kwa maana wingu lilikuwa limempokonya joto. Alikuwa angali akitikisa mabawa, tetetete, na mguu wa Nyati ulikuwa umeinuka juu yake kama paa la nyumba.

"Homa imejificha," akasema. "Ikijionyesha ina nafuu. Ikijificha, Bwana, tunaanza kuagana."

Mguu ulibaki hewani. Na wakati ungali hewani, wingu lilipasuka, jua la saa nane likamwangukia Nyati mgongoni kwa hasira ya kuchelewa. Jasho likamtoka. Alishusha mguu taratibu kando ya unyasi, akaomba radhi, akaomba na dawa.

Dawa waliinywa Alhamisi, tarehe 4, ikiwa dawa ya kusimama kichwani yaweza kunywewa. Nyati aliinamisha kichwa, akatupa miguu ya nyuma juu, pembe zake zikazama matopeni hadi masikioni, akakwama humo akipiga mateke hewani. Kiboko alijaribu mara tatu. Mara ya tatu makalio yake yalifika juu kweli, yakakaa huko muda wa kuhesabu mpaka nne, yakitupa kivuli ambacho ng'ombe watatu wangeweza kulala ndani yake. Kisha, pu! Akamwangukia Nyati, na kwa kishindo hicho pembe zikachomoka.

Walilala pale, wamepakaa matope, wanahema, wanaona joto kuliko jana.

"Dawa imetukataa," Kiboko akasema.

Nyati aliuliza kwa unyenyekevu kama hakuna njia nyingine. Akaongeza kwamba wakiingia bwawani hupata nafuu kidogo.

"Hiyo ndiyo hila ya homa," Kereng'ende akajibu. "Hukupa nafuu ili usiyaache maji yake. Mimi nimekwisha kuizoea, niacheni nife nayo. Ninyi mna familia. Maji yanayokwenda hayashiki homa hii."

Kiboko alilia. Alisema kwamba Kereng'ende ni jirani mwema, na kwamba amejuta kwa yale matope ya usoni mwa Bi Kereng'ende. Ijumaa, tarehe 5, kabla ya saa moja, wote wawili walivuka kilima wakirudi mtoni, wakitetemeka kwa baridi na kutazamana kwa huruma.

Maji ya Kinyasini yalitulia, matope yakashuka chini, na watoto wote arobaini na watatu waliota mabawa mvua zilipofika.

Asiyeujua mwili wake huweza kuhamishwa nyumba kwa habari za hali ya hewa.

Jirani yangu, Bwana Elifasi Mhando, husimulia kwamba Kiboko na Nyati walifika mtoni siku ileile wakapona. Hilo si sahihi. Hawakupona, kwa sababu hawakuwa wameugua. Na asubuhi ya Jumamosi, tarehe 6, waliamka wakiona baridi.