Pimbi Alivyompa Pole Kamanda Nyati

Paukwa!
— Pakawa!
Aliyekaa mlangoni apishe upepo, mwenye kukoroma akakoromee kwao. Nianze?
— Anza, tumeshiba!

Basi hapo kale wanyama walimfukuza Simba, wakaunda Chama cha Waliochoka Kuliwa. Mzee Ndovu akawa Mwenyekiti. Nyati, aliyemtoa Simba mbio kwa pembe zake, akawa Kamanda. Pimbi, kanyama kadogo ka mawe, akapewa kazi waliyoikataa wote: kupanga zamu za kunywa maji bwawani.

Nyati akipita, puu! anakalia jiwe la Pimbi. "Pisha, kiroboto." Pimbi anapisha, huku roho inamuuma. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kiti cha uenyekiti, ili naye siku moja apishwe.

Ukaja ukame. Pimbi akampa Swala zamu ya alfajiri, maji yakiwa bado safi. Akampa na Ngiri. Akampa na Kima. Pimbi akamwambia kila mmoja, "Usimwambie mtu, ndugu yangu. Ni wewe tu."

Mara mzee Ndovu akafa. Puuu! Nchi ikatikisika. Kaburi halijachimbwa, Nyati keshaanza kukipima kile kiti kwa makalio.

Pimbi akaja, machozi churuchuru. "Shikamoo, Kamanda. Pole sana. Nani atakuwa mfiwa mkuu kama si wewe? Mfiwa mkuu hukaa mkekani, na sahani ya kwanza ni yake."

"Ya kwanza?"

"Na ya pili, kama majonzi hayajapungua."

Nyati akakaa mkekani. Vikaja viazi, nyam nyam. Yakaja maboga, nyam nyam. Majonzi yakazidi kumkolea.

Siku moja akasikia mkutano nje, akataka kuinuka. Pimbi akachungulia mlangoni. "Kaa, Kamanda. Mfiwa mkuu hatoki mkekani kabla ya kuanua matanga. Unataka waseme ulifurahia kifo?"

"Hasha. Lakini wanajadili nini huko?"

"Vijambo vidogo vidogo tu. Jamani, leteni boga la Kamanda!"

Nje, Pimbi akapanda jiwe. "Ndugu zangu, Kamanda kazidiwa na majonzi, hata kusimama hawezi. Tusimsumbue kwa vyeo. Kiti nitakishika mimi, kwa muda. Nani anapinga?"

Swala akaikumbuka zamu yake. Ngiri akaikumbuka yake. Kima akatazama juu.

Matanga yakaanuliwa. Nyati akatoka, tumbo mbele, akamkuta Pimbi kitini. Akainamisha pembe. Swala, Ngiri na Kima wakajipanga mbele ya kiti.

"Mfiwa hagombani," Ngiri akasema.

Nyati akalia, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli.

"Pole," Pimbi akasema kwa upole. "Zamu yako ya maji ni baada ya Kobe. Na Kobe bado yuko njiani."

Kima akamnong'oneza Swala: "Simba alikuwa mbaya, lakini angalau mchana alikuwa analala."

Ngano yangu imefika ukingoni. Iliyobaki ni mate yangu.

Funzo, wanangu: cheo hupewa mwenye nguvu, mnyonge hapati kitu. Na mkienda msibani, kuleni mshibe, hakuna ubaya wowote. Mkiona funzo halifanani na ngano, msiniulize mimi. Mimi nakunywa maji alfajiri.