Melimeli, Binamu wa Mfalme

Mwaka ule mvua iliwasahau watu na wanyama kwa pamoja. Bibi Mwanakheri, aliyelima kando ya pori, alipoona kisima chake kimebaki tope, alipakia vyombo kwenye lori ahamie kwa dada yake. Juu ya magodoro aliweka kikapu, na ndani ya kikapu akamlaza Melimeli, mbwa wake mdogo. Lori likaruka shimo, kikapu kikaanguka, dereva hakusikia kitu.

Melimeli alikaa kando ya barabara akisubiri. Ujuzi mwingine hakuwa nao. Ukoo wake wote, tangu bibi wa bibi yake aliyeletwa kwa meli kutoka ng'ambo, haukuwahi kuwinda wala kulinda mifugo. Kazi yao ilikuwa kukaa mapajani mwa watu na kuwapasha mikono moto, na waliifanya kwa bidii kubwa. Alikuwa mweupe, manyoya laini kama sufi, macho meusi ya mviringo kama vifungo vya koti. Kwa sababu ya joto, Bibi Mwanakheri alikuwa amemnyoa kuanzia kiunoni kwenda nyuma, akamwachia manyoya ya shingoni na kishada kwenye ncha ya mkia. Kuhusu tabia, jambo moja tu lilimshinda kabisa: kukaa peke yake.

Ndiyo maana Sungura alipotokea, Melimeli alimbwekea mara tatu, kama adabu ya kwao ilivyotaka, kisha akampenda papo hapo.

Sungura alikuwa na kiu ya siku mbili. Wanyama walipochimba bwawa la mwisho, yeye alisema mgongo unamuuma. Sasa bwawa lilikuwa na maji, na Mfalme Simba alikuwa ameamuru kwamba asiyechimba asinywe. Alimzunguka Melimeli polepole, akimkagua.

"Shingo ina manyoya," alisema. "Mkia una kishada. Dada, wewe ni simba."

"Mimi ni mbwa."

"Nani kakwambia?"

"Bibi."

"Bibi alikuficha usije ukajivuna. Twende. Ila tukifika usiseme neno. Wakubwa husemewa."

Melimeli hakuamini hata kidogo, lakini alikuwa anaalikwa mahali penye wengi. Akafuata, mkia ukicheza.

"Shikamoo, Mfalme," Sungura alisema mbele ya Simba, goti chini. "Huyu ni binti wa simba wa ng'ambo. Sifa zako zimevuka bahari. Katumwa aje akuone kwa macho, arudi akasimulie. Mimi ni mkalimani wake tu."

Simba alimtazama mgeni, ambaye hakumfikia hata gotini. Akili ilitaka kumwambia jambo, lakini masikio yalikuwa bado yanafurahia zile sifa zilizovuka bahari.

"Naiona damu yetu," alisema. "Hasa hapo shingoni. Karibu, binamu."

Fisi alisogea akanusa. "Mfalme, huyu ananukia sabuni."

"Ndivyo wanavyonukia wa ng'ambo," Sungura akajibu.

"Basi alale kwangu," Fisi alisema, mate yakimdondoka. "Nitamtunza vizuri."

Simba alikataa, na Sungura akanywa maji hadi tumbo likawa ngoma.

Angeridhika na kunywa, mambo yangeishia hapo. Lakini siku ya tatu, Melimeli akiwa mbali akicheza na watoto, alitangaza kwamba mgeni wa heshima kama huyu huoga asubuhi na mchana, nyuma ya kichaka, pasipo kuchunguliwa. Kila mnyama akapunguza fungu lake. Sungura akawa anabeba vibuyu kwenda kichakani, kisha anavimimina kwenye mtungi aliouficha shimoni kwake.

Siku ya tano Melimeli alimkuta mtoto wa Paa amelala ubavu, ulimi umekauka. Huzuni ya mtu mwingine ilimwasha mwilini kama upupu. Akasahau kwamba amekatazwa kusema, akajibana kifuani kwa mtoto na kumlamba pua.

"Ana nini?"

Mama Paa alishtuka kumsikia mgeni akiongea lugha yao. "Kiu, bibie. Fungu lake tumelitoa, upate kuoga."

"Kuoga? Sijaoga tangu nianguke kwenye lori. Na kuoga kwenyewe sipendi."

Mama Paa hakuwa mtu wa kelele, lakini siku hiyo sauti yake ilifika bwawani. Wanyama wakakusanyika. Tembo akaenda shimoni kwa Sungura, akaingiza mkonga, akatoa mtungi uliojaa pomoni.

"Mgeni," Simba alisema, "jisemee mwenyewe. Wewe ni nani?"

Melimeli alimtazama Sungura, ambaye alikuwa akitikisa kichwa mpaka masikio yanagongana. Alimpenda, na ilimuuma. Lakini kusema uongo hakuwahi kufundishwa, mapajani hauhitajiki.

"Mimi ni mbwa. Kazi yangu kukaa mapajani."

Fisi akaangua kicheko. "Si niliwaambia! Mfalme kamwita mbwa binamu! Kama si simba, basi ni kitoweo. Nipeni mimi."

Melimeli akajibanza nyuma ya Mama Paa. Simba naye alikuwa amebanwa, kwa kuwa siku tano nzima alikuwa akimwita binamu mbele ya kila mtu. Akakohoa.

"Fisi, lini umesikia mimi nimekosea? Nikisema ni binamu, ni binamu. Aliyekosea ni mkalimani. Au unataka kumla ndugu yangu?"

Fisi alimeza mate, akasema alikuwa anatania.

Maji ya mtungi wakapewa watoto, wa Paa akitangulia. Sungura akahukumiwa kulichimba bwawa peke yake mpaka maji yafike magotini mwa Tembo. Wakawa wanabishana nani atamlinda, kumbe Melimeli alikwisha kwenda kuketi ukingoni.

Mchana wa kwanza Sungura alinyata kutoroka. Melimeli akaruka akibweka kwa furaha, akidhani wanakwenda matembezi, na pori zima likageuza shingo. Sungura akarudi. Alijaribu tena mbwa aliposinzia, lakini mbwa wa namna hiyo hulala huku masikio yakikesha.

"Nimekudanganya, nimekutumia," Sungura alinung'unika, matope hadi kidevuni. "Huna hata kinyongo? Niache peke yangu!"

"Peke yako?" Melimeli alishangaa. "Sina moyo wa ukatili huo."

Akajilaza juu ya udongo uliochimbuliwa, akamtazama kwa upendo mwingi. Sungura akashusha pumzi, akainama, akaendelea kuchimba.