Masikio Kwenye Maji ya Baridi

Jumanne ya pili ya Julai, saa kumi na mbili asubuhi, barafu ilikuwa imefunika nyasi zote za bonde la juu, chini kidogo ya kilele cha mlima. Swara walikuwa wameshateremka kutafuta joto. Chakula kilichobaki kilikuwa kijitoni: samaki aina ya trauti.

Simba alitangaza mbele ya pango lake. "Atakayeniletea trauti kabla jua halijazama atalala humu ndani mpaka baridi iishe. Nafasi ni ya mmoja." Yeye mwenyewe hakwenda kuvua. Mfalme akitetemeka, raia huona.

Walijitokeza wawili. Fisi alitaka pango, na alitaka pia mabaki ya samaki. Sungura alitaka pango tu. Shimo lake lilikuwa limejaa maji tangu Jumapili, na siku mbili alikuwa amelala chini ya jani, yeye ambaye mwaka mzima aliwafundisha wenzake namna ya kuchagua mahali pa kuchimba.

Jambo moja alilijua kweli. Wakati wa baridi trauti hali kitu asubuhi. Hulala chini kabisa kidimbwini, kichwa kikielekea maji yanakotoka, akingoja jua la mchana. Sungura alimwambia Fisi kinyume chake.

"Kaka, nenda sasa hivi. Asubuhi ndipo wanapokula."

"Nisimame wapi?"

"Majini, kule chini penye mawe, kijito kinapobanwa. Usitoke mpaka uwahisi mwilini."

"Na wewe je?"

"Mimi baridi siiwezi. Nitakuja kukupongeza."

"Sungura bwana, una roho nzuri," Fisi alisema. "Watu wanakusingizia tu."

Sungura alikubali kwamba wanamsingizia.

Saa nane mchana alipita kwenye mianzi na kutokea kwenye kidimbwi cha kijito, upande wa juu kutoka yale mawe alikosimama Fisi. Alikuwa na ufito, mshipi, na ndoana aliyoifunga unyoya wa kanga ili ifanane na nzi. Alitambaa kwa tumbo mpaka ukingoni, nyuma ya samaki. Trauti mmoja alikuwa amepanda karibu na uso wa maji, mrefu kuliko mguu wa nyuma wa Sungura. Jua lilikuwa mgongoni mwa mvuvi. Kila kitu kilikuwa kama alivyopanga.

Hapo akasikia, au akadhani amesikia, Fisi akikohoa. Mwenye nia safi angeendelea kuvua. Sungura alisimamisha masikio asikilize.

Vivuli viwili vilianguka kidimbwini. Trauti aligeuka, akateremka na maji kama aliyefukuzwa.

Fisi alikuwa bado penye mawe. Tangu saa nne miguu yake ilikataa kutembea, na kila alipotaka kuomba msaada meno yaligongana tu. Trauti alipita pale kijito kinapobanwa, akamgonga kifuani, akaruka. Mdomo wa Fisi, uliokuwa ukifunguka na kufungika kwa baridi tangu asubuhi, ulifungika mara moja zaidi.

Fisi alitaka kummeza samaki palepale. Taya zilikuwa zimeganda.

Sungura ndiye aliyemvuta kutoka majini, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Mbele ya pango, Simba alimbandua samaki mdomoni mwa Fisi. Taya zilipolainika, Fisi alisema, "Mzee, shukrani zote kwa Sungura. Aliniambia nisimame mpaka niwahisi, na nimemhisi!"

Simba alimgeukia Sungura. "Na wako yuko wapi, mwalimu?"

"Nimemtuma kwa Fisi, Mzee."

"Umemtuma kwa njia gani?"

Sungura aligusa kichwa chake. "Kwa masikio haya. Niliyainua nisikilize kama uongo wangu umegunduliwa. Haukuwa umegunduliwa. Ulikuwa bado unafanya kazi."

"Uongo gani?" Fisi aliuliza.

Sungura alimweleza wote. Fisi alimtazama samaki. "Lakini samaki si nimempata?" alisema.

Jua lilizama saa kumi na mbili na nusu. Fisi aliingia pangoni, akapewa kichwa na mkia. Sungura alirudi chini ya jani lake.

Jumatano asubuhi Sungura alikuwa akichimba shimo jipya kwenye mwinuko. Mahali hapo palichaguliwa na Fisi.