Kitenge cha Sanduku la Kwaya

Wapendwa, nisikilizeni, na wale wa nyuma kule msisinzie. Kulikuwa na mwalimu wa kwaya mmoja, maridadi kweli kweli, viatu vinang'aa kama kioo. Kwaya yake ilialikwa kuimba ughaibuni. Majoho yote akayatia kwenye sanduku moja jeusi, na humo akaweka kidude cha kuonyesha kwenye simu mzigo uko wapi. Mama mmoja wa sauti ya pili akafunga kwenye kishikio kipande cha kitenge chekundu, sare yao ya zamani.

"Mama, unatuaibisha! Watatuona washamba."

"Mkataa kwao mtumwa, Mwalimu," mama akajibu, akakaza fundo.

Uwanja wa ndege, kwenye mizani, dada wa shirika akauliza, "Humu kuna kifaa cha betri?" Mwalimu akakitoa kwa maringo.

"Samahani, kaka. Chenye betri ndogo kama kifungo tunaruhusu. Hiki betri yake kubwa, inaweza kushika moto kule chini kwenye mizigo. Panda nacho mwenyewe."

Akakitia mfukoni, akakisahau.

Wakafika. Mizigo ikatoka, sanduku halipo! Na kesho asubuhi wanaimba. Mwalimu akafungua simu, akapiga kelele, "Lipo! Liko hapa hapa!" Lipo wapi, jamani? Kidude si kiko mfukoni mwake? Kilikuwa kinamwonyesha yeye!

Akakimbilia ofisi ya mizigo, jasho linamtiririka. "Masanduku meusi yaliyong'oka lebo yako manane," akaambiwa. "Lako lina alama gani?"

Mwalimu akanong'ona, "Lina... kitenge chekundu."

"Aa, lile! Tangu lishuke tunalisifia. Hilo pale."

Asubuhi walipanda jukwaani na majoho yao, na mwalimu mbele, ametanua kifua, kitenge chekundu shingoni. Waliimba mpaka wenyeji wakasimama.

Na sisi je? Maandiko tumeyajaza kwenye simu, tunajipima wenyewe, tunajiambia, "Nipo, nipo." Haya, jirani yako akiulizwa una alama gani, atasema nini? Imani ya waliotulea tunaionea haya, tunaificha mbele ya wageni! Ndugu zangu, mimi naona fahari nayo. Tuifunge nje, ionekane. Fundo walilotufunga mama zetu ndilo litakalotufikisha nyumbani.